Wa Kuvuta na wa Kukata

9 Januari

Dada yangu,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana najua ukiwa umesimama huna habari na barua ya mtu. Mama mpigie magoti kwa niaba yangu. Magoti yangu mwenyewe siku hizi yanalalamika kila nikipanda ngazi. Huku tu wazima, mimi na mwanangu. Mama yake bado yuko safarini kikazi. Kazi yangu ni ile ile ya dirishani pale hospitali: napokea kadi, nazipanga, naita majina. Kutwa nzima naita majina, na nikirudi nyumbani sina hata sauti ya kumwambia mtoto anawe mikono.

Uliniuliza zamani kama nimezoea huku. Nimezoea kila kitu isipokuwa majina. Ni majina yale yale ya kwetu, dada, yameandikwa vile vile kwenye kadi, ila matamshi ni mengine. Sisi jina tunalivuta katikati, tunalishusha polepole. Hawa wanalikata. Wanalipiga mwanzoni na kulimaliza upesi, utadhani wana haraka ya kwenda mahali. Nilipoanza kazi nilikuwa naita mtu kwa namna yetu, naye anakaa kwenye benchi ananitazama tu, kumbe ndiye. Wenzangu wakanipa jina la Mvutaji, na sigara sijawahi kuigusa. Nikajifunza kukata kama wao, na sasa nakata hata nisipotaka.

Jambo lenyewe ni hili. Jirani wa ghorofa ya chini, yule mama anayenishikia mtoto nikiwa zamu, anahama mwishoni mwa Julai kumfuata mwanawe. Zamu zangu hazitabiriki, na mtoto wa miaka sita hawezi kukaa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Nakuomba umchukue akae kwako na Mama. Najua si ombi dogo. Binti yako alipotutoka sikuja kuzika, na tangu hapo sijapata uso wa kukuomba kitu. Leo naomba kwa sababu sina kwingine.

Nduguyo,
Kipenga


2 Februari

Kipenga,

Barua yako imefika imelowa pembe, nami nimeisoma nikiwa nimeketi kama ulivyoagiza. Nimeketi kwenye cherehani, mahali ambapo nimeketi tangu shule zifunguliwe, kwa kuwa kila mzazi amekumbuka siku ile ile kwamba mtoto wake hana sare. Mama hajambo kwa kiasi chake. Sikio la kushoto limegoma kabisa, na la kulia linasikia linachotaka. Mguu wangu umevimba kwa kukanyaga. Paa la jikoni linavuja pale pale unapopajua. Hizo ndizo habari.

Kuhusu mtoto, sijasema hapana. Chumba cha nyuma kimejaa vitambaa na kuta zina unyevu, sijakishughulikia siku nyingi. Halafu kuna Mama. Utakumbuka mlipotupigia simu pale dukani, mtoto akajitaja jina kwa bibi yake. Mama alirudi nyumbani kimya. Anasema amepewa somo, mtoto mwenye jina lake kabisa, halafu somo mwenyewe hajui kulitaja. Hataki jina lake likatwekatwe. Mtoto akija hapa akajitaja hivyo mtaa utamcheka, na Mama atanuna, na wa kukaa na huyo aliyenuna ni mimi, si wewe.

Kwa hiyo mfundishe kwanza. Akishaweza kulisema kama tunavyolisema sisi, tutaongea habari za kuja.

Na habari za kuzika usiniandikie tena. Zilikwisha.

Dada yako


20 Februari

Dada yangu,

Nashukuru kwa jibu, hata kama lilinijia limenuna nusu. Mwanangu anakusalimu. Amepoteza jino la mbele na anataka bibi yake ajue. Mguu wako uweke juu ya kiti unapokula, hapa madaktari wanamwambia kila mtu hivyo, hata aliyekuja kwa sababu ya jicho.

Mwambie Mama ujumbe wake umenifikia na nimeona haya. Mtoto hana kosa. Siku alipozaliwa muuguzi aliniuliza anaitwa nani, nikalitaja jina la Mama kwa namna ya huku, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchekwa na sikutaka mwanangu naye achekwe. Likaganda hivyo. Lakini kinachonishangaza ni kwamba wakati ule Mama alilichukulia kwa mzaha. Binti yako alikuwa na miaka mitatu, naye ana jina hilo hilo. Mama akasema Mungu amempa wa kuvuta na wa kukata, sasa akiita hawatagongana mlangoni. Alicheka mpaka akakohoa, wewe ndiye uliyeniandikia. Leo limekuwa kero. Basi, utu uzima una mambo yake.

Nimeanza kumfundisha. Tunafanya jioni nikiwa napika, kama si zamu ya usiku. Namwita kwa kuvuta, naye haitiki. Anaendelea kuchora. Nikimwita tena ananiuliza kwa upole, "Baba, huyo unayemwita ni nani?" Nikimwambia ni yeye, anasema hapana, yeye anajua anavyoitwa. Juzi nilimfokea, akalia, na mimi nikaunguza mboga. Nitaendelea.

Kipenga


29 Machi

Kipenga,

Nimechelewa kujibu. Sababu ni kazi. Jino la mtoto bibi yake ameambiwa, na ameuliza kama ni la juu au la chini, jambo ambalo hukuandika.

Chumba bado. Fundi wa chokaa aliahidi, akapotea. Vitambaa sina pa kuvihamishia.

Kama mtoto hawezi kulisema, usimlazimishe. Watoto wana ulimi wa mahali walipozaliwa, na hakuna wa kumlaumu. Labda utafute jirani mwingine mwenye moyo mzuri hapo hapo mlipo, mtoto asihame shule. Nakwambia kwa nia njema. Mimi si kijana tena, Kipenga, na nyumba hii imezoea watu wawili.

Hujasema mama yake anarudi lini. Januari uliandika yuko safarini, kisha ukarukia kadi zako za hospitali, na Februari hukumtaja kabisa.

Dada yako


14 Aprili

Dada yangu,

Salamu nyingi, na leo nakuandikia kwa furaha. Jino ni la juu. Mama yake tumwache kwanza, hajaandika. Kikohozi kilichokuwa kinanisumbua kimepungua. Mengine ni yale yale.

Ameweza, dada. Nitakwambia ilivyokuwa. Jirani aliugua, ikabidi nimchukue mtoto kazini, nikamkalisha kwenye benchi chini ya dirisha langu. Nilikuwa naita kama kawaida. Siku hizi nimejiwekea utaratibu: kabla ya kuita namtazama mtu, jinsi alivyofunga kilemba, jinsi anavyomsalimia mwenzake, nikiona ni wa upande wetu namwita kwa kuvuta. Saa moja hivi kabla ya kufunga ikaja kadi yenye jina la Mama. Nikainua macho, nikamwona mama mmoja mnene pale ukutani, amekaa ameshika viatu mkononi, na kabla hajafungua mdomo nikajua ni wa kwetu. Nikaliita jina kwa kulivuta lote, kama wewe unavyoliita. Yule mama alisimama huku anacheka, akaja mpaka dirishani akanishika mkono. Akasema tangu ahamie huku hajaitwa jina lake. Wanamwita, lakini si jina lake.

Mwanangu aliyaona yote hayo. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alikuwa anajisemea peke yake, analijaribu. Sasa analisema sawasawa. Ungefumba macho, dada, ungeapa amekulia jikoni kwako. Na kwa kuwa sasa amebaki mmoja, sioni haja ya jina kuwa na namna mbili. Mwambie Mama namwomba radhi kwa kulikata jina lake miaka yote hii, na kwamba somo wake yuko tayari.

Nijulishe tu chumba kitakuwa tayari lini.

Kipenga


30 Mei

Dada yangu,

Sijapata jibu lako. Nimemuuliza mtu wa posta mpaka sasa akiniona ananikwepa. Natumai Mama ni mzima. Kama si mzima, niambie.

Jirani ameanza kufunga mizigo. Masufuria yake yamepangwa kwenye maboksi pale ngazini, na mtoto anayapita kila siku akienda shule bila kuuliza chochote. Hilo la kutouliza ndilo linaloniumiza.

Na nikwambie ulilotaka kujua. Mama yake hayuko safarini. Aliniambia kabla ya mwaka mpya kwamba harudi, na ameolewa huko aliko. Sikukuandikia kwa sababu ulinionya juu yake tangu mwanzo, na sikuwa na nguvu ya kusoma kwamba ulinionya.

Nijibu hata kama jibu ni hapana.

Kipenga


21 Juni

Kipenga,

Salamu za leo ziwe fupi. Mama mzima, mimi mzima, paa limezibwa. Kuhusu mkeo sitasema chochote, na hiyo uihesabu kama zawadi.

Mama hajawahi kulalamika juu ya jina. Ni mimi.

Barua yako ya Aprili nilimsomea kwenye sikio la kulia, nikaruka mstari mmoja. Aliposikia unamwomba radhi, akauliza radhi ya nini. Ikabidi nimweleze kila nililokuandikia kwa kinywa chake. Nikadhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alinieleza kitu ambacho sikuwa nakijua, na nadhani hata wewe hukijui. Alipoletwa hapa kuolewa, jina lake alikuja nalo likiwa na matamshi ya kwao. Hawalivuti wala hawalikati. Wanalipandisha mwishoni, kama mtu anauliza. Akanitamkia. Dada yako mtu mzima nimeishi na mama yangu maisha yangu yote, nikalisikia jina lake kwa mara ya kwanza. Anasema alipofika hapa mama mkwe wake alilivuta, mumewe akalivuta, majirani wakalivuta, na hakuna aliyelipata mpaka leo. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Niliitika kwa sababu mlikuwa mnanitaka." Kisha akaomba chai.

Sasa yangu. Jina lile kwa kuvuta, humu ndani, lilikuwa na mtoto mmoja tu. Nililiita miaka saba. Nililiita kutoka jikoni na kutoka kwenye cherehani, nikimfokea, nikimtafuta, nikimwambia chakula kinapoa. Tangu atutoke sijalitamka. Mama namwita Mama, kwa hiyo sikulazimika. Ulipoomba mwanao aje, sikuona mtoto anayehitaji mahali pa kulala. Niliona mtu mwingine anaingia kwa mlango ule ule ameshika jina lile. Sikuweza kukwambia hapana, basi nikakupa kazi niliyodhani haiwezekani. Watoto hawabadilishi ulimi kwa amri, nikajua muda utapita na utachoka kuomba. Kumbe akaweza.

Halafu ukaandika kwamba amebaki mmoja. Ndio mstari nilioruka. Nilizika barua yako chini ya vitambaa, nikashona mpaka sindano ikavunjika, na nilikuchukia, ndugu yangu. Sasa sikuchukii. Nimechoka, basi.

Mlete. Ila aje na jina lake alilokulia nalo, la kukata, lile ulilompa siku ya kwanza. Mwambie alishike hilo. Mimi ndiye nitakayejifunza. Nimeanza kujaribu nikiwa peke yangu na ulimi unakataa, unataka kukimbilia kule kule ulikozoea, lakini nitaushinda.

Chumba cha nyuma nimekifungua. Vitambaa havikuwa vingi kama nilivyokuandikia. Nipimie mabega yake, kifua, na urefu kutoka kiunoni mpaka gotini, nimshonee sare. Usimpime wewe, mwachie jirani. Wewe hata karatasi ulikuwa huwezi kuikata ikanyooka.

Dada yako


6 Julai

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako dirishani, kadi zikiwa zimejaa mbele yangu, na watu wakaanza kunigongea kioo.

Ule mstari sina namna ya kuufuta. Nilikuwa naogopa kumtaja binti yako, na kwa kuogopa nikamtaja vibaya kuliko yeyote ambaye angemtaja kwa makusudi. Niliandika kama karani. Nisamehe. Uliniambia nisiandike tena habari za kuzika, lakini safari hii naomba nikifika unipeleke alipolala. Nisipokwenda sasa sitakwenda tena, najijua.

Mtoto nimemwambia arudie jina lake la zamani. Aliniuliza kwa nini watu wazima hawana msimamo. Nikamweleza kwamba shangazi yake anajifunza kumwita kwa namna anayoijua yeye, na inaweza kuwa ngumu. Akafikiri, kisha akasema akishindwa atamsaidia.

Vipimo vimo kwenye karatasi hii ya pili, jirani amevipima. Nitamleta mwenyewe, nitalala usiku mmoja, nirudi zamuni.

Kipenga


11 Agosti

Kipenga,

Najua umefika salama kwa sababu umesahau miwani yako hapa na bado umeweza kuniandikia kadi. Mama anakusalimu. Anasema umekonda na hakupata nafasi ya kukwambia kwa kuwa ulikuwa unasinzia kila ukiketi. Nashukuru ulikwenda kule makaburini na mimi.

Habari za nyumbani. Mwanao anakula vizuri, analala vibaya, na amevunja bakuli langu la zamani lenye maua. Sare imemkaa sawa isipokuwa mabega, jirani yako naye hajui kupima. Shuleni wamemcheka siku mbili kwa jinsi anavyojitaja, siku ya tatu wakachoka. Yeye na Mama wanakaa nje jioni wakifundishana. Mama analisema jina kwa namna ya kwao, mtoto kwa namna ya kwenu, kila mmoja anamwambia mwenzake amekosea. Mama hajacheka hivyo siku nyingi.

Mimi sikuwa nimeweza. Nakwambia ukweli, tangu aje nilikuwa nakwepa. Nilikuwa nasema njoo hapa, wewe mtoto, mwanangu, sikiliza, na kila neno lingine ambalo si jina. Lile la kukata likifika ulimini linakwama. Lile la kuvuta nilikuwa nimelifungia mlango. Mtoto alikwishaona, maana siku moja aliniambia taratibu tu, wakati namsuka, kwamba naweza kuanza na nusu.

Jana nilikuwa uani naanua nguo. Pasi ilikuwa ndani juu ya meza, imejaa mkaa wa moto, nimeiweka juu ya kitambaa cha sare. Nikatupa jicho dirishani, nikamwona amesimama kwenye ncha za vidole, ameshika pindo la kile kitambaa, anakivuta aone kuna nini juu. Pasi ikaanza kusogea. Nilikuwa mbali, nimejaa nguo mikononi. Nikaita.

Sikupata muda wa kuchagua. Lilitoka kwa kuvuta, lote, toka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ambayo nilidhani sina tena. Mama mwenyewe alilisikia huko alikokuwa, kwa sikio lolote lile.

Akaachia kitambaa pale pale. Akatoka mlangoni akaja mbio hadi mbele yangu, akasema, "Nimekuja, shangazi."

Nilikaa chini juu ya zile nguo safi nikalia, na yeye akasimama karibu yangu akiwa ameshika bega langu, akidhani nimeumia. Sikuwa nimelisahau jina lile hata siku moja, Kipenga. Nilichokuwa naogopa ni kuliita halafu nyumba inyamaze. Jana nimeliita, na mtoto amekuja.

Dada yako